Ilembo ipi? Simu inajua ulipo, haijui unavuta nini

Tanzania ina kata zaidi ya moja zinazoitwa Ilembo. Ipo Ilembo ya hapa kwetu, ndani ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi. Ipo Ilembo ya Umalila, kwenye milima ya Wilaya ya Mbeya. Na ipo Ilembo ya mjini Vwawa, mkoani Songwe. Dereva anayetoka Dar es Salaam kuja Mpanda kwa kupitia Mbeya, Tunduma na Sumbawanga huzipita hizo mbili akiwa bado yuko mbali nasi. Akiwa ameandika jina la kata peke yake kwenye simu, na simu ikamchagulia Ilembo isiyo yake, anaweza kuacha barabara kuu mahali ambapo hakutakiwa hata kusimama.

Mwenye gari dogo akikosea namna hiyo hupoteza muda na mafuta kidogo. Hugeuza, anacheka, anaendelea na safari. Mwenye lori lenye tela anaweza kukosa hata pa kugeuzia.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini ramani ya simu, ambayo imewarahisishia kazi watu wengi, humwacha peke yake dereva anayevuta tela hasa pale anapoihitaji zaidi. Tunaeleza pia kwa nini suluhisho haliko kwa dereva peke yake. Sehemu kubwa iko kwa sisi tunaomwita alete mzigo.

Kwa nini jambo hili limekuwa letu

Kwa miongo mingi mzigo mkubwa wa Mpanda ulikuja kwa reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifikishwa hapa kwa sababu ya mgodi wa risasi, na mgodi ulipofungwa reli ikabaki kuwa mlango wa mji. Garimoshi halipotei. Linafika stesheni, mzigo unashushwa, na kipande cha mwisho hadi dukani au ghalani kinafanywa na mtu wa hapa, anayejua mtaa upi unajaa maji na kona ipi haipitiki.

Barabara za lami zimebadili mpangilio huo. Barabara ya kutoka Tabora kupitia Sikonge, Ipole na Koga imefupisha safari iliyokuwa ikiogopwa kila masika. Upande wa kusini, barabara ya Sumbawanga inatuunganisha na Tunduma na Mbeya. Upande wa magharibi, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania (TPA) imejenga bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika, na matumaini ni kwamba mizigo ya kwenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo itapita Mpanda kuelekea huko. Mbolea, saruji, mabati na nondo vinaingia. Mahindi, mpunga, tumbaku na pamba vinatoka.

Matokeo yake ni kwamba dereva ambaye hajawahi kufika Katavi anaweza kupakia Dar es Salaam na kuja moja kwa moja hadi kwenye mtaa wa mteja, bila kupokelewa na mtu njiani. Anayempokea ni sauti ya kwenye simu.

Satelaiti ni kitu kimoja, ramani ni kingine

Watu wengi husema "GPS imenipoteza". Kusema kweli, GPS yenyewe mara nyingi haina kosa. Huo ni mfumo wa satelaiti za Marekani, usiopungua satelaiti 24 zinazozunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,000. Kila satelaiti inatangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hupokea matangazo hayo kutoka kwa satelaiti nne au zaidi, hupima tofauti ndogo sana za muda ambao kila tangazo limechukua kufika, na kutokana na hizo hukokotoa mahali ilipo. Kazi hiyo haihitaji mtandao wa simu wala bando. Katikati ya msitu kati ya Koga na Inyonga, mahali ambapo simu haishiki mtandao, satelaiti bado zinakuonyesha ulipo, kwa tofauti ya mita chache.

Ramani ni jambo jingine. Ramani imechorwa na watu, kwa kutumia picha za angani, taarifa za serikali, kazi za wanaojitolea na nyayo za simu zilizopita njia hiyo kabla yako. Nyayo za simu zinasema kwamba kuna kitu kilipita. Hazisemi kama kilikuwa bodaboda au lori la ekseli sita.

Juu ya ramani kuna kitu cha tatu, nacho ni programu inayochagua njia. Ramani za kawaida tulizonazo kwenye simu hukuuliza unasafiri kwa gari, pikipiki, basi au miguu. Hazikuulizi urefu wa gari lako, uzito wake, kimo chake, wala kama kuna tela nyuma. Ukichagua gari, zinakuhesabu kuwa gari dogo. Njia fupi zinayokupa ni njia fupi ya gari dogo, na saa ya kufika zinayokupa ni saa ya gari dogo.

Saa hiyo ina madhara yake. Tajiri aliyeko mjini anafungua simu, anaona "saa tano na nusu", kisha anampigia dereva kumuuliza mbona bado. Dereva aliyechelewa kwa hesabu ya gari ambalo si lake hujikuta akitafuta njia ya mkato, na simu haikosi ya kumpa.

Kwa nini tela si gari refu tu

Asiyewahi kuvuta tela huweza kudhani kwamba tofauti ni urefu. Urefu ni sehemu ndogo ya habari. Tofauti kubwa ziko tatu.

Ya kwanza ni kona. Magurudumu ya nyuma ya tela hayapiti pale yalipopita magurudumu ya mbele ya kichwa. Hukata kona kwa ndani, na kadiri tela lilivyo refu ndivyo linavyokata zaidi. Kwenye barabara kuu kona zimechorwa kwa kuzingatia hilo. Kwenye mitaa ya makazi, ndani ya kona ndiko kuliko na mtaro, nguzo ya umeme, kibanda cha biashara au ukuta wa mtu. Dereva anaweza kukipitisha kichwa salama, akatazama kwenye kioo na kuona magurudumu ya nyuma yanaelekea mtaroni.

Ya pili ni kurudi nyuma. Kulirudisha tela nyuma ni kazi ya kinyume: ukikata usukani kushoto, nyuma ya tela inakwenda kulia. Ukizidisha, kichwa na tela vinaanza kukunjana kama kisu cha kukunja, na usipowahi kusimama vinagongana. Lori linalovuta tela kamili, lile lenye magurudumu ya mbele na ya nyuma yake lenyewe, lina sehemu mbili za kujipinda, na ni madereva wachache wanaoweza kulirudisha umbali mrefu. Kwa hiyo ile sauti ya simu inayosema "geuza gari" haina maana yoyote kwa dereva huyo. Kinachomfaa ni uwanja, au utingo wa kumwongoza na nusu saa ya subira.

Ya tatu ni uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka kikomo cha uzito wa jumla kuwa tani 56, kulingana na idadi ya ekseli. Barabara kuu zinajengwa kwa kuuhesabu uzito wa malori. Kalavati la mtaani, lililowekwa ili watu na bajaji wavuke mfereji, halikuwekewa hesabu hiyo. Kwenye kioo cha simu, barabara kuu na njia ya juu ya kalavati hilo zote ni mistari, na tofauti yake ni unene na rangi tu.

Ukiziunganisha hizo tatu utaona mzizi wa tatizo. Ramani ya simu imejengwa juu ya dhana kwamba kosa linarekebishika. Ukipita kona, inakokotoa upya. Ukiingia njia isiyo sahihi, inakutafutia nyingine mbele. Kwa gari dogo dhana hiyo ni sahihi karibu siku zote. Kwa tela, mara nyingi kosa la kwanza ndilo la mwisho, kwa sababu baada yake hakuna nafasi ya kusogea mbele wala kurudi.

Jina moja, mahali patatu

Turudi kwenye jina. Majina ya vijiji, kata na mitaa ya Tanzania hujirudia sana. Majengo ipo karibu kila mji, ikiwemo Mpanda. Kibaoni ya Katavi si Kibaoni pekee nchini, kwa sababu popote palipowekwa kibao njia panda, watu walipaita Kibaoni. Kwa mwenyeji hilo si tatizo, maana mazungumzo yenyewe yanaonyesha ni ipi. Simu haishiriki mazungumzo.

Mabadiliko ya mipaka ya utawala yameongeza mkanganyiko. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kugawa Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya. Maana yake ni kwamba kabla ya 2016 Ilembo ya Umalila na Ilembo ya Vwawa zote zilikuwa "Ilembo, Mbeya", na kabla ya 2012 Ilembo yetu ilikuwa "Ilembo, Rukwa". Orodha yoyote ya zamani ambayo haikusahihishwa, iwe ya ghala, ya kampuni ya usafirishaji au ya ramani yenyewe, bado inabeba majina hayo.

Kutoka Vwawa hadi Mpanda ni karibu kilomita 500. Umalila nako ni nchi ya milima, yenye miteremko na kona ambazo dereva mwenye mzigo mzito hapaswi kuzikuta kwa bahati mbaya. Anayeijua barabara ya Mbeya anajua jinsi Mlima Nyoka na Mlima Iwambi zilivyowahi kugharimu maisha kwa magari makubwa yaliyoshindwa kushika breki, tena hizo ni barabara kuu.

Serikali imefanya kazi ya kuondoa mkanganyiko huu. Februari 2022 ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi, ikaenda sambamba na maandalizi ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo. Barabara na mitaa ilipewa majina, nyumba zikapewa namba, kila kata ikawa na postikodi yake ya tarakimu tano, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo unaoitwa NaPA, ambao unapatikana pia kwenye simu. Postikodi ya Ilembo ya Mpanda si ya Ilembo ya Vwawa, wala si ya Umalila. Chombo cha kutenganisha majina yanayofanana tunacho tayari.

Lakini mazoea yetu ni mengine. Tukiagiza mzigo hatuandiki anwani. Tunasema "nitumie namba ya dereva nimtumie lokesheni". Nayo lokesheni inaonyesha mahali simu ilipo wakati wa kuituma. Mwenye mzigo akiwa sebuleni kwake, dereva anaelekezwa sebuleni. Akiwa shambani, dereva anaelekezwa shambani, hata kama mzigo unakwenda ghalani, na njia inayochaguliwa ni yoyote ile inayofika karibu zaidi na nukta hiyo.

Lami inaisha, ramani haisemi

Barabara za Tanzania zina wasimamizi wawili. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za mjini na za vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mgawanyo huo una maana kubwa kwa mwenye tela, kwa sababu unapovuka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, viwango vya upana, kona na uwezo wa kubeba mzigo hubadilika. Baadhi ya barabara za mitaa huwekewa alama za kikomo cha uzito. Nyingine hazina alama, na kuna alama zilizoanguka ambazo hazijarudishwa.

Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Novemba hadi Aprili. Njia ileile inayopitika vizuri Julai, vumbi likiruka, inaweza kuwa tope la kumeza gurudumu Februari. Ramani haibadilishi rangi. Mto ukijaa, daraja likakatika, msimamizi wa barabara anajua, polisi wanajua, na sisi wa redio tunatangaza. Ramani itajua mtu atakapoiambia.

Dunia nzima imeona matokeo ya pengo hilo. Nchini Marekani, mwaka 2022, mwanamume mmoja alifariki katika jimbo la North Carolina baada ya gari lake kutumbukia mahali palipokuwa na daraja lililovunjika miaka tisa kabla. Familia yake ilifungua kesi dhidi ya Google mwaka 2023, ikidai ramani iliendelea kuonyesha daraja hilo kama njia. Nchini India, Novemba 2024, wanaume watatu walifariki katika jimbo la Uttar Pradesh gari lao lilipoanguka kutoka kwenye daraja ambalo sehemu yake ilikuwa imechukuliwa na mafuriko. Polisi walisema inadhaniwa walikuwa wakifuata ramani ya simu, na wahandisi wa barabara nao walihusishwa kwa kutoweka vizuizi.

Yote mawili yalihusu magari madogo. Fikiria sasa gari linalohitaji umbali mrefu zaidi kusimama, na ambalo hata likisimama haliwezi kugeuka.

Nani analipa

Sheria haina mjadala hapa: anayeshika usukani ndiye anayewajibika. Hakuna askari wa usalama barabarani atakayeiandikia simu notisi. Dereva ndiye anayeulizwa kwa nini hakuona alama, na tajiri ndiye anayelipa gari la kuvuta, faini na mzigo uliochelewa.

Hata hivyo, gharama haiishii kwa hao wawili. Tela likiangukia mtaroni, mtaro unavunjika. Kalavati likipasuka, linabaki pale lori likishaondoka. Bomba la maji lililopita chini ya barabara likikanyagwa, ni akina mama wa mtaa watakaobeba ndoo mbali zaidi wiki hiyo. Nguzo ikigongwa, mtaa mzima unalala gizani. Kosa ni la mtu mmoja, bili inapelekwa kwa majirani ambao hawakuagiza saruji hiyo wala hawakuiona simu hiyo. Ukarabati unasubiri bajeti ya TARURA, na mvua hazisubiri bajeti.

Ndiyo maana tunasema suala hili si la madereva peke yao. Mtaa unaoliruhusu tela liingie kwa kubahatisha unaweka rehani miundombinu yake.

Vifaa vya malori vipo, lakini

Wapo watakaosema dawa ni kununua kifaa sahihi. Ni kweli kwamba vipo vifaa na programu za kuongoza njia vilivyotengenezwa kwa ajili ya malori. Dereva anaingiza urefu, kimo, upana na uzito, na kifaa kinakwepa madaraja mafupi na barabara zenye kikomo. Ulaya na Marekani madereva wengi wanavitumia.

Vifaa hivyo, hata hivyo, vinakwepa tu kile kilichoandikwa kwenye ramani. Kama hakuna aliyeandika kwamba kalavati fulani la Mpanda haliwezi kubeba zaidi ya tani kadhaa, kifaa cha bei kubwa kitakupeleka palepale simu ya kawaida ingekupeleka, na huenda kikakupa imani ambayo hukustahili kuwa nayo.

Njia ya kuandika taarifa hizo ipo, na ni bure. Ramani huru ya OpenStreetMap inaruhusu mtu yeyote kuongeza barabara, jina, aina ya udongo na kikomo cha uzito. Tanzania si mgeni katika kazi hiyo. Mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wakichora mitaa na mifereji kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko. Mradi wa Crowd2Map umechora vijiji vingi ambavyo havikuwa kwenye ramani, lengo la kwanza likiwa kuwasaidia wanaowakimbiza wasichana walio katika hatari ya kukeketwa wafike salama. Kilichowezekana kwa mafuriko na kwa wasichana hao kinawezekana kwa makalavati. Ofisi za TARURA zina taarifa za barabara zao, na watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa wanajua zilizobaki. Taarifa hizo zikiendelea kukaa kwenye mafaili na vichwani mwa watu, dereva mgeni hatazipata.

Kuuliza nako kuna namna yake

Wahenga walishasema kuuliza si ujinga, na madereva wa zamani waliishi kwa hilo: kila njia panda walisimama na kuuliza. Lakini tusijidanganye kwamba mwenyeji hakosei. Mtu anayetembea kwa miguu au anayeendesha bodaboda anaijua barabara kwa namna ya miguu na bodaboda. Ukimuuliza "hapa ninafika Ilembo?" atakujibu kwa moyo mweupe kwamba unafika, ni hapo mbele tu. Amesema kweli, kwa chombo chake.

Swali linalofaa kwa mwenye tela ni jingine: gari kubwa kuliko yote lililopita hapa wiki hii ni lipi, na liligeuzia wapi? Swali hilo linamlazimisha anayejibu kukumbuka kitu alichokiona. Kama jibu ni Fuso, basi semitrela isubiri kwanza. Kama jibu ni "malori ya tela hugeuzia kule uwanjani", umepata kitu ambacho hakuna ramani iliyokuwa nacho.

Wa kuulizwa kwanza ni wanaoendesha vyombo vinavyofanana na chako. Dereva wa trekta anayevuta tela la magunia ya mpunga anajua kona za mitaa kuliko mwenye gari la kutembelea. Wapagazi wa sokoni na ghalani wanajua malori husimama wapi kushusha.

Kabla ya kutuma lokesheni

Kwa yote haya, tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wote wanaohusika na mzigo, kuanzia anayeuagiza.

Mwenye mzigo aandike anwani kamili: mkoa, manispaa au wilaya, kata, mtaa, jina la barabara na postikodi. "Ilembo, Manispaa ya Mpanda, Katavi" ni maneno machache, na yanaokoa kilomita mia kadhaa. Lokesheni itumwe kutoka mahali lori litakaposimama, siyo kutoka mahali unapokaa. Ikiwezekana iwe mahali pa wazi kando ya barabara kubwa, ambapo mtu wako atampokea dereva.

Mtaa ukiwa mwembamba, mzigo umalizie safari kwa gari dogo. Kukodi Fuso au trekta kwa kipande cha mwisho kunaonekana kuwa hasara hadi ulinganishe na bei ya kulitoa tela mtaroni. Huo ndio mtindo uliotumika enzi za reli, na haukuwa wa kizamani kiasi cha kutupwa.

Dereva aitazame njia yote kabla ya kuondoka, siyo kona kwa kona akiwa tayari yuko barabarani. Apakue ramani ya eneo zima akiwa na mtandao, ili asiachwe na simu isiyo na ramani porini. Picha za setilaiti za kwenye ramani zimsaidie kukagua kilomita za mwisho: je, kuna mahali pa kugeuzia, kuna daraja, njia ni ya nyumba zilizobanana? Akifika mwisho wa lami, asimame na apige simu. Utingo ashuke akatazame kwa miguu kabla gurudumu halijaingia. Simu ikishindana na kibao cha barabarani, kibao ndicho cha kufuatwa.

Tajiri asitumie saa ya kwenye simu kumbana dereva. Kifaa cha kufuatilia gari kinamwonyesha kwamba lori limesimama. Hakimwonyeshi kwamba limesimama kwa sababu dereva ametumia akili.

Viongozi wa mitaa na kata, kwa kushirikiana na TARURA, waainishe njia chache ambazo malori yenye tela yanaweza kuingia na kugeuza, waweke vibao kwenye kona ya kuingilia kabla gari halijanasa, na waziandikishe kwenye ramani. Mji unaojiandaa kupitisha mizigo ya Karema hauwezi kuendelea kumwachia kila mgeni ajaribu bahati yake.

Simu itaendelea kuboreshwa, na huenda siku moja ikauliza unavuta nini kabla ya kukuonyesha njia. Hadi siku hiyo, kilomita mia za mwanzo tunaweza kuiachia ifanye kazi yake. Kilomita ya mwisho ni ya mtu anayeijua, na mtu huyo anapaswa kuwa ameshapangwa kabla lori halijaondoka ghalani.